Shingo pana, kizingiti cha tiba ya ubongo

Mwaka 1937, Walter Dandy wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, alifungua fuvu la mgonjwa na kubana shingo ya aneurismu kwa kibanio cha fedha. Aneurismu ni mshipa wa ateri uliotuna. Ukipasuka ubongoni, mgonjwa hupigwa na maumivu ya kichwa ya ghafla, makali kuliko yote aliyowahi kuyajua, na wengi hufariki.

Mwaka 1990 Mwitalia Guido Guglielmi, akiwa Los Angeles, aliingia kwa njia nyingine. Alipitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi kichwani, akaujaza uvimbe koili za platinamu, kila koili ikiachiwa kwa umeme hafifu. Fuvu halikuguswa.

Shingo pana, yaani mlango mpana kati ya ateri na uvimbe, ndiyo iliyomshinda. Ikifika milimita 4 na zaidi, koili huteleza na kurudi kwenye ateri, nayo ateri ikiziba, mgonjwa hupata kiharusi. Jacques Moret wa Paris aliziba mlango huo kwa puto, akalijaza wakati koili zinapangwa, kisha akalitoa. Lakini puto likijaa, damu husimama.

Stenti laini ya Neuroform, kijibomba cha wavu wa chuma kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2002, ilibaki mle ndani na kuacha damu ipite. Ufundi upo kwenye mpangilio. Mrija wa koili unaweza kutangulia ndani ya uvimbe, stenti ikafunguka juu yake na kuubana ukutani usichomoke. Au stenti itangulie, na mrija upenyezwe katika matundu yake. Kwenye njiapanda ya mishipa, stenti ya pili hupitishwa ndani ya ya kwanza, zikawa umbo la Y. Kazi hiyo ni ngumu, na chuma huwa kingi.

Chuma kingi hugandisha damu, hivyo mgonjwa humeza aspirini na klopidogreli kwa miezi, dawa za hatari kwa aliyetoka kuvuja damu. Ndiyo maana kifaa cha PulseRider, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2017, kilikuwa hatua kubwa: kilifunguka kwenye njiapanda na kushikilia shingo kwa chuma kidogo.

Mkulima wa viazi wa Cyanzarwe nchini Rwanda, jirani na Goma, aneurismu yake ikipasuka huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya Gisenyi, kisha barabara ndefu ya Musanze hadi Kigali. Daktari anayemchagulia kifaa hana budi kuuliza mapema iwapo vidonge hivyo viwili vya kila siku vitapatikana huko kwao.