Mwenyeji wa Bandarini: Mogadishu ya Ibn Battuta na Magari ya Japani

Mtu wa Tanga au Mombasa anayetaka gari lililokwisha tumika kutoka Japani hulinunua bila ya kulitia machoni. Gari liko Yokohama au Nagoya, yeye yuko dukani kwake, na baina yao ipo safari ya bahari ya wiki kadhaa. Kwa hiyo hana budi kumtegemea mtu wa kati: dalali wa kumnunulia kule, na wakala wa kumtolea forodhani huku. Wako wanaodhani kuwa haya ni mambo mapya yaliyokuja na magari. Sivyo. Pwani yetu iliyajua kabla Mreno hajaizunguka Afrika.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, kabla ya kuendelea hadi Kilwa, akaeleza ada aliyoikuta. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kusema kuwa huyu ni mgeni wangu. Basi yule mfanyabiashara hafikii ila nyumbani kwa mwenyeji wake huyo, isipokuwa aliyekwisha uzoea mji na watu wake. Huyo hufikia apendapo. Mwenyeji ndiye anayemuuzia bidhaa zake na kumnunulia azitakazo. Na mtu aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia bila ya mwenyeji kuwapo, biashara yake kwa watu wa Mogadishu ilikuwa imerudishwa, haihesabiwi. (Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara. Walipojua kuwa ni mwanachuoni, Kadhi ndiye aliyempokea.)

Hasemi kuwa wenyeji wale walifanya hisani tupu. Anasema walikuwa na manufaa yao katika jambo lile, na hapana ubaya. Imamu Bukhari ameweka mlango mzima juu ya ujira wa dalali, akataja kuwa Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona kosa ndani yake.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, Mtume (S.A.W.) hakukataza kuilaki misafara njiani kabla haijafika sokoni? Naam, alikataza, kwa sababu aliyeilaki alinunua mali kwa mtu asiyejua bado bei ya mji. Na mwenye mali akifika sokoni akaijua bei, alipewa hiari ya kuivunja biashara ile. Lakini vijana wa Mogadishu waliuendea msafara wa baharini na chakula, hawakuuendea na fedha. Na ile hukumu yao ya kuirudisha biashara ya kupunja yaelekea huko huko kwenye hiari ya mwenye mali. Mji mzima ulimlinda mgeni, na mwenyeji alijulikana nyumba yake.

Sasa tutazame gari. Huko Japani magari mengi ya namna hii huuzwa katika minada ambayo mtu wa nje hawezi kupandisha bei ndani yake. Ni wanachama tu. Kila gari lina karatasi ya ukaguzi yenye alama ya daraja lake, na herufi R huonyesha lililopata ajali likatengenezwa. Dalali huisoma karatasi, hupandisha bei, hulipa, hulipeleka gari bandarini. Mnunuzi haoni hata moja katika hayo.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo watu wengi wa pwani hii huyafuata, kauli yenye nguvu ni kuwa haisihi kuuza kitu cha ghaibu ambacho wanaouziana hawakukiona. Ila mtu akimwakilisha mwingine, kuona kwa wakili kunatosha. Basi dalali asiyelitazama gari, akaridhika na picha, amekabidhiwa macho ya mwenzake na ameyafumba.

Na bei? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Urwa al-Bariqi (R.A.) alipewa na Mtume (S.A.W.) dinari moja anunue mbuzi. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi pamoja na dinari ile. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Faida ile hakuitia mfukoni, wala hakumficha aliyemtuma. Linganisha na dalali aliyepata gari mnadani kwa bei ndogo, akamwandikia mtu wake bei kubwa, kisha akadai na ujira juu yake. Anayeuza gari lake mwenyewe ana ruhusa ya kupanga bei yake. Aliyetumwa kununua hana, ujira wake ni ule uliopatanwa.

Mkono wa wakili ni mkono wa amana. Meli ikizama bila ya kosa lake, halipi. Akizembea, akalipakia gari asiloagizwa, analipa.

Anayeagiza gari basi aitake karatasi ya mnada yenyewe, si maelezo ya dalali, na apatane ujira kabla ya kutuma fedha. Kisha aitazame hati ya shehena, ile inayotolewa na wenye meli gari likishapakiwa, aone limeandikwa jina la nani kuwa ndiye mpokeaji. Likiwa ni jina la dalali, gari litafika bandarini, na mwenye fedha atakuwa wa kuliomba.