Njaa Inapobadili Akili: Jaribio la Minnesota

Wahenga walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwaka 1944, vijana 36 wa Marekani walijitolea kumjua.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeacha njaa kubwa Ulaya, na mtaalamu wa fiziolojia, Ancel Keys, alitaka kufahamu jinsi ya kuwarudishia afya watu waliodhoofika. Vijana hao walikuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao, na sheria ya nchi yao iliwaruhusu kulitumikia taifa kwa kazi za kiraia. Hivyo wakaitoa miili yao kwa ajili ya utafiti.

Jaribio lilianza mwezi Novemba katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Kwa wiki 12 walikula chakula cha kutosha. Kisha, kwa wiki 24, walipewa milo miwili kwa siku, yenye wastani wa kalori 1,570 hivi: viazi, mkate, makaroni na mboga za mizizi. Kila wiki walitakiwa kutembea kilomita 35. Walipoteza takribani robo ya uzito wao.

Sasa zingatia yaliyozipata akili zao. Walikuwa wamechaguliwa kwa uzima wa mwili na utulivu wa nafsi. Hata hivyo, wakaanza kusoma vitabu vya mapishi kwa shauku, kuota vyakula, kulamba sahani na kurefusha mlo mdogo kwa muda mrefu. Wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga na wenzao, wakagubikwa na huzuni. Hata waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi bila kuhisi shibe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1950. Miaka mingi baadaye, David Garner, mwanasaikolojia tiba aliyefanya kazi Toronto, Kanada, aliyatumia kuwaelimisha wagonjwa wenye matatizo ya ulaji, kama vile anoreksia, ambapo mtu hujinyima chakula hata kuhatarisha uhai wake. Aliwaonyesha kwamba mambo mengi yaliyodhaniwa kuwa kasoro za tabia zao huzaliwa na njaa yenyewe. Maradhi haya yana vyanzo vingi, na jaribio hilo halikuvieleza vyote. Lakini lilifundisha jambo moja kubwa: akili iliyo katika mwili wenye njaa haiwezi kutulia kwa mawaidha matupu. Ndiyo maana kurejesha lishe ni sehemu ya msingi ya tiba.

Basi, msomaji wangu, ukimwona ndugu au mwanafunzi mwenzako akijinyima chakula, akikonda na kujitenga, usimwite mkaidi wala mwenye maringo. Zungumza naye kwa upole, umsindikize kwa daktari. Vijana wale walipokuwa na njaa, wao pia walionekana wakaidi. Na tabia zao hazikuwa zimeharibika.