Safu ya Lugha: Kinda na mkongwe

Kibanda umiza cha Gongo la Mboto, wakati wa mapumziko. Mmoja anatoa hukumu: "Mkongwe huyo mwache aende bure. Kinda ndiye wa kuuza!" Soko zima la usajili kalimaliza kwa pumzi moja.

Kinda ni mtoto wa ndege, yule wa kiotani ambaye manyoya hayajamjaa. Uwanjani ni mchezaji chipukizi: Mbwana Samatta wa Mbagala alikuwa na miaka 18 Simba ilipomuuza kwa TP Mazembe mwaka 2011. Mnunuzi wa kinda hulipia mbawa ambazo hazijaota.

Mkongwe je? Mtaani nyumba kongwe ni ile unayoipita haraka mvua ikinyesha. Uwanjani neno limegeuka sifa, ila sifa hiyo haimtajirishi muuzaji: Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, akiwa na miaka 33, mkataba ulikuwa umekwisha. Maumivu ya Simba wa Msimbazi hayakuwa na risiti.

Ombi kwa watangazaji: mchezaji wa miaka 24 msimwite kinda. Huyo alishaota manyoya zamani.