Sehemu ya 5: Mtoto akiumia sokoni, tunamdai nani?

Mama zangu wa Hedaru, leo historia kidogo. Mtoto akitumbukia kwenye mtaro wa soko la halmashauri usio na mfuniko, akavunjika mguu, fidia inadaiwa? Ndiyo, kama ni uzembe wao. Ila haki hii imetoka mbali.

Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa, huduma zikashikwa na serikali kuu. Halafu 1974 sheria ikataka kwamba ukiishtaki serikali, waziri akupe kibali kwanza. Yaani unayemdai ndiye unamwomba ruhusa! Halmashauri zikarudishwa kwa sheria ya 1982. Hizo ulizidai kwa kutoa notisi ya mwezi mmoja. Kile kibali cha serikali kilidumu mpaka 1993, Mahakama ya Rufani iliposema kinavunja Katiba, kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun.

Mwaka 2020 mambo yakabadilika tena. Notisi kwa halmashauri sasa ni siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kwetu sisi hiyo ni safari ya Moshi. Na madai ya kuumizwa yana ukomo wa miaka 3.

Kwa hiyo wapendwa, mtoto atibiwe kwanza. Kisha chukueni PF3 polisi, tunzeni cheti cha hospitali na risiti zote, pigeni picha mtaro kabla haujafunikwa. Kibali hakihitajiki tena, lakini bila karatasi hakuna kesi.

Sehemu ya 6: notisi inaandikwaje.