Buruse za Wanasheria: Habari Kutoka Kilima cha Kacyiru

Miongoni mwa vilima vya Kigali, Kacyiru ndicho kilichoshika kwa muda mrefu mizani ya elimu ya vijana wa Rwanda, kwa kuwa juu yake zimesimama ofisi za Rais ziitwazo Urugwiro, na kando ya njia yake kuu zimekaa wizara kadha wa kadha, ya Elimu ikiwamo, ambazo zimetoa amri za nani asome kwa mali ya umma na nani ajitafutie mwenyewe. Nimekusudia kueleza habari ya fani moja tu kati ya zote zilizopimwa katika mizani hiyo, nayo ni sheria. Kwa sababu taifa likikosa matabibu msiba wake huonekana siku ile ile, lakini likikosa wanasheria msiba hukaa kimya magerezani na katika mashamba ya mirathi, ukapita miaka mingi kabla ukubwa wake haujajulikana.

Zama za Wabelgiji hapakuwa na buruse ya sheria kwa Mnyarwanda katika ardhi yake. Shule ya Astrida, mji uitwao leo Huye, iliyofunguliwa na watawa wa Kikatoliki mwaka 1929, iliandaa makarani wa utawala na wasaidizi wa utabibu, wa mifugo na wa kilimo, wala haikumwandaa mtu kusimama mbele ya hakimu akamtetea mwenziwe. Upande wa Waingereza hali ilikuwa hiyo hiyo: serikali zao za Afrika Mashariki zilikuwa na ukarimu wa kadiri kwa mwanafunzi wa ualimu au utabibu, lakini zilisita mno kumlipia Mwafrika masomo ya sheria, kwani zilimwona wakili kuwa ni mwanasiasa aliyevaa joho. Mkenya Argwings-Kodhek alikwenda Uingereza mwaka 1947 kwa msaada wa masomo usiokuwa wa sheria, akaisoma sheria huko huko, akarejea kuwa wakili wa kwanza Mwafrika katika Kenya. Haikuwa ajabu, basi, kwamba Dar es Salaam, mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kikuu kilifunguliwa kwa kitivo cha sheria kabla ya vitivo vingine vyote, katika jumba la chama cha TANU kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14, mwanamke mmoja tu kati yao, Julie Manning, aliyekuja kuwa jaji na waziri. Lakini Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, kilichofunguliwa Butare, ndio Astrida ya zamani, mwezi wa Novemba 1963 chini ya Padre Georges-Henri Lévesque wa Kanada, kilianza na wanafunzi 51 wa utabibu, ilimu za jamii na ualimu. Sheria iliachwa ije baadaye.

Yaliyofuata yanasikitisha, nami siwezi kuyapita haraka. Mwezi wa Februari 1973 wanafunzi Watutsi walifukuzwa katika chuo hicho na katika shule za sekondari, na baada ya Jenerali Habyarimana kutwaa utawala mwaka huo huo, nafasi za masomo ziliwekwa chini ya siasa ya iringaniza, ambayo iligawa viti vya shule na buruse kwa hesabu ya kabila na mkoa. Mtoto aliyeshinda mtihani aliweza kuachwa kwa sababu idadi ya watu wa kabila lake au wa upande wake wa nchi ilikuwa imekwisha kutimia, na mtoto wa fukara aliachwa vivyo hivyo ikiwa hakuzaliwa mahali panapopendwa. Katika mizani ya namna hiyo akili ya kijana haikuwa na uzito, na ufukara wa mzee wake haukuwa na uzito. Na kwa kuwa kwa zamani zote mbili, ya ukoloni na ya jamhuri, wasomi wa sheria walikuwa wachache, mahakama za nchi zilijaa mahakimu ambao wengi wao hawakupata kukanyaga darasa la sheria.

Kisha ukaja mwaka 1994, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayakumsaza hakimu wala wakili. Katika mahakimu waliokuwa karibu 750, yasemekana waliosalia nchini ni 244. Chama cha Mawakili, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, kilianza na mawakili 37 kwa nchi nzima, wakati ambapo magereza yalikuwa na watuhumiwa zaidi ya laki moja wakingoja kuhukumiwa. Tangu Mei 1998 hata Machi 1999, hapo Urugwiro, Kacyiru, viongozi na wazee waliitwa kwa mashauri marefu juu ya umoja na haki, na mojawapo ya maswali yaliyowasumbua lilikuwa hili la hesabu: kwa wanasheria waliokuwapo, kesi zile zingechukua umri wa mtu na zaidi. Kutokana na mashauri hayo zikazaliwa mahakama za Gacaca, ambazo mahakimu wake walichaguliwa na majirani kwa uadilifu wao, nazo hata zilipofungwa mwezi wa Juni 2012 zilikuwa zimekwisha kata mashauri yapatayo milioni 1.9. Gacaca inasifiwa na inalaumiwa. Lakini yeyote aihukumuye akumbuke kwamba ilizaliwa, kwa sehemu kubwa, na upungufu wa watu ambao kwa miaka mingi hawakulipiwa masomo kwa kadiri ya haja.

Katika miaka ile ile chuo cha Butare kilikuwa kimefunguliwa tena, mwaka 1995, na mwaka 1998 yakatukia mambo mawili yaliyogeuza habari ya buruse. La kwanza ni kuanzishwa kwa Baraza la Taifa la Mitihani, ili nafasi ya chuo ifuate alama za mwanafunzi na si jina la kabila lake. La pili ni sheria ya Januari mwaka huo iliyounda mfuko wa kuwasaidia manusura wahitaji wa mauaji ya kimbari, FARG, ambao serikali iliutengea asilimia 5 ya mapato yake ya kila mwaka, baadaye ikawa asilimia 6. Yatima aliyeachwa peke yake, mwenye wadogo wa kulea katika nyumba isiyo na mtu mzima, alilipiwa ada kuanzia sekondari hata chuo kikuu. Na chuoni Butare alikuta wenziwe waliokwisha unda, tangu Oktoba 1996, jumuiya ya wanafunzi manusura, AERG, ambamo vijana walijipanga kwa familia, mmoja akiitwa baba na mwingine mama ilhali wote ni rika moja. Katika yatima hao walitoka mawakili, waendesha mashtaka na mahakimu wanaofanya kazi leo. Mimi nasema bila kusita kwamba hakuna fedha ya umma iliyotumika kwa insafu kuliko hiyo.

Mwaka 2003 serikali ilianzisha wakala wa fedha za wanafunzi, SFAR, na buruse ikaanza kuwa mkopo wa kulipwa. Mageuzi ya mahakama ya mwaka 2004 nayo yakaamuru kwamba hakimu awe na shahada ya sheria, na wengi waliokuwa wamekaa barazani kwa miaka wakajikuta hawana kazi, au wakarudi shuleni kwa gharama zao, wengine katika madarasa ya jioni ya vyuo vya watu binafsi, kama ULK, Chuo Kikuu Huru cha Kigali, kilichofunguliwa mwaka 1996. Mtu atokaye ofisini saa kumi na moja, akapanda basi hadi Gisozi kiliko chuo hicho, akasoma sheria ya mikataba hata usiku, na kumbe mshahara wake nusu umekwenda kwenye ada, huyo hakupewa buruse na mtu. Naye pia ameijenga haki ya nchi hii.

Ugumu ulizidi mwaka 2013, serikali ilipoamua kwamba msaada ufuate matabaka ya Ubudehe, yaani ya kuzipanga nyumba kwa hali yao ya maisha, yaliyokuwa 6 wakati huo, na kwamba fedha ya kujikimu, faranga 25,000 kwa mwezi, ibaki kwa walio katika tabaka la kwanza na la pili. Nia ilikuwa njema, nayo ni kumtanguliza mhitaji. Lakini uhitaji, tofauti na alama za mtihani, hauna karatasi isiyobishaniwa: tabaka la nyumba liliamuliwa na majirani katika mkutano wa umudugudu, yaani kijiji, kabla mtu hajajua kwamba buruse ya mtoto wake itategemea neno lile, na mzazi mwenye ng'ombe mmoja na bati juu ya paa aliweza kuhesabiwa kuwa anajiweza. Vijana waliofaulu walirudi kwao kutafuta mhuri wa kiongozi wa umudugudu, kisha wa akagari, kisha wa sekta, wakiwa na bahasha yenye nakala ya matokeo na ya kitambulisho, na siku za kujiandikisha chuoni zikipita. Malalamiko yalikuwa mengi; matabaka yakapunguzwa kuwa 4 mwaka 2015, na mwaka 2020 serikali ikatangaza kwamba Ubudehe haitakuwa tena kipimo cha buruse. Uamuzi huo wa mwisho naona ulikuwa wa busara, ingawa ulichelewa.

Mikopo yenyewe leo iko katika Benki ya Maendeleo ya Rwanda, na aliyehitimu akapata kazi hukatwa asilimia 8 ya mshahara wake hata deni liishe. Fani za sayansi hutangulizwa katika kugawa, jambo lenye hoja yake, ila mwanafunzi wa sheria amesogezwa nyuma ya foleni.

Na safari yake haiishi kwa shahada. Atakaye kuwa wakili sharti apitie Chuo cha Mafunzo ya Sheria kwa Vitendo, ILPD, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 na kuwekwa Nyanza, mji wa wafalme wa kale, akapate stashahada ya uanasheria. Mkopo aliopewa kwa shahada ya kwanza humwacha mlangoni mwa chuo hicho. Mwenye mwajiri aweza kulipiwa na ofisi yake. Mtoto wa mkulima asiye na kazi bado, ambaye umma umekwisha mlipia miaka minne, hurudi nyumbani na shahada isiyomruhusu kumtetea hata jirani yake mahakamani, kwa kukosa ada ya Nyanza.

Chama cha Mawakili, kilichoanza na watu 37, leo kina mawakili zaidi ya elfu moja, na miongoni mwao wamo waliosomeshwa na FARG, na SFAR, au kwa fedha ya serikali ya namna nyingine. Hao ndio ninaowasihi, pamoja na wakubwa wa Wizara ya Elimu, waanzishe mfuko wa Nyanza kwa mwanafunzi mwenye alama za juu na mkono mtupu, na kwamba kila aliyelipiwa na umma amlipie mwanafunzi mmoja wa namna hiyo masomo yake ya huko.