Mishale ya Sarufi na Lugha za Kuchorea

YEYOTE aliyesoma Kiswahili shule ya upili anakumbuka namna tatu za kuchanganua sentensi: matawi, jedwali na mishale. Matawi hupendeza macho, lakini hebu jaribu kuyapiga chapa! Mishale nayo, S → KN + KT, ni maandishi matupu, haisumbui.

Kazi ya kugeuza umbo kuwa maandishi mepesi ilishughulikiwa mapema na wataalamu wa Bell Labs, Marekani. Mwaka 1975 Brian Kernighan na Lorinda Cherry walichapisha maelezo ya eqn, lugha ya kupigia chapa hesabu. Walimlenga karani asiyejua hisabati, kwa hivyo akidi iliandikwa jinsi inavyotamkwa kwa Kiingereza: "a over b". Kwangu mimi, huo ndio uamuzi bora wa kiisimu katika historia hii yote. Sikio lilitangulia, jicho likafuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kernighan akaleta pic, ya michoro. Unaandika "box", "arrow", kisha "box" tena, na kila kimoja kinajipanga kulia kwa kilichotangulia. Vipimo hutaji ila ukitaka. Ni kama kumwelekeza mgeni: humhesabii hatua, unamwambia tu kwamba baada ya duka kuna kanisa.

Katika miaka ya 1990 dot, pia kutoka AT&T, ilikwenda mbali zaidi. Unasema tu nani kaungana na nani, programu inaamua wakae wapi. Mshale wake ni kistari na alama ya "kubwa kuliko", -> basi. Mermaid ya mwaka 2014 ilirithi wazo lilo hilo.

Mbona amri zote ni za Kiingereza? Katika pic si lazima ziwe hivyo. Kwa amri ya "define" unatangaza mara moja kwamba "sanduku" ni "box" na "mshale" ni "arrow", kisha unaendelea kwa Kiswahili. Mlango huo umekuwa wazi kwa takriban miaka 40, na sijaona vitabu vyetu vya sarufi vikiupitia.

Dot haihitaji hata hilo. Ukishaandika neno la kufungulia na mabano, S -> KN. S -> KT. KN -> N. Ni mishale ile ile ya darasani, na mti unachorwa wenyewe. Ila sentensi ikiwa na nomino mbili, ziite N1 na N2, la sivyo programu itazifanya nomino moja yenye wazazi wawili.