Mchagua Jembe na Pori la Tanga

Ndugu mkulima, wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Maana yake tunaijua. Mvivu hupoteza asubuhi nzima akipima mipini, huu mzito, ule mwepesi, na huku jua linapanda. Kwa jembe la mkono methali hiyo ni ya kweli. Lakini siku hizi kuna vikundi vya wakulima vinavyochanga fedha ili kununua au kukodi trekta lenye makucha ya kukamatia magogo na vichaka. Hapo mambo ni mengine. Jembe baya litakupotezea siku moja, lakini mtambo usiofaa utakula mchango wa kijiji kizima, na unaweza kuchukua na udongo wako pia. Kwa hiyo leo tutazame nyuma, tuone watu waliotutangulia walipambanaje na pori, kisha tuchague tukiwa tumefumbua macho.

Tuanze na Pangani. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, alileta miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo michache mkonge ukaenea Muheza, Korogwe na kwingineko. Lakini mkonge haukupandwa juu ya vichaka. Kila ekari ilibidi ifyekwe kwanza, mashina yang'olewe, magogo yaviringishwe pembeni. Nani aliifanya kazi hiyo? Ng'ombe wa kukokota hawakuweza kutegemewa nyanda za chini za pwani, kwa sababu ya mbung'o na nagana. Kwa hiyo nguvu ilikuwa ni ya binadamu, kwa panga, shoka, jembe na mtaimbo. Wengi walikuwa manamba, watu waliotoka mbali, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuwaandikisha, lililoitwa SILABU.

Kazi ya mkono ilikuwa ya jasho na ya ujira mdogo, wala hatusemi irudi kama ilivyokuwa. Ila ina jambo moja la kukumbuka. Mtu mwenye shoka hukata kile anachokiona. Humwacha mwembe, huuacha mvule, na udongo wa juu hubaki pale pale ulipo.

Sasa tupande milimani. Kule Usambara Wajerumani walitaka mbao, na tatizo lao halikuwa kukata mti. Taabu ilikuwa kulishusha gogo. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilijengewa njia ya kamba za chuma, yenye urefu wa karibu kilomita 9, kutoka msitu wa Shume hadi stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Mbao zikashuka zikining'inia hewani, juu ya makorongo. Upande wa mashariki ikajengwa reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi. Yote hayo yalifanyika kabla ya Vita Kuu ya 1914. Tazama jinsi walivyofikiri: waliuangalia mlima kwanza, ndipo wakachagua chombo. Mahali penye mteremko mkali hawakuburuta, walining'iniza.

Baada ya Vita ya Pili likaja somo la kinyume chake. Mnamo 1946 serikali ya Uingereza ilipanga kulima karanga Tanganyika, zaidi ya ekari milioni tatu, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mbio zilikuwa kubwa na mitambo mipya ilikuwa haipatikani. Basi yakakusanywa matrekta yaliyotumika vitani, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Kuangusha pori kulifanywa kwa mnyororo mzito kama wa nanga ya meli. Buldoza mbili zilikwenda sambamba zikiuvuta katikati, na vichaka vikalala chini.

Kulala kwa vichaka hakukuwa mwisho wa kazi. Mizizi ilibaki ardhini, ikavunja na kupinda majembe ya matrekta. Mchanga mkali wa Kongwa ulisaga vyuma, na kiangazi udongo ukakauka ukawa kama saruji. Mafundi walikuwa wachache, vipuri viko mbali. Ilipofika Agosti 1947, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala. Lengo la mwaka huo lilikuwa ekari 150,000, zilizopandwa ni kama 7,500 tu. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na karibu pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Ndugu mkulima, haikuwa uvivu. Walinunua mtambo kabla ya kuujua udongo, kabla ya kuwa na fundi, na kabla ya kujua vipuri vitatoka wapi.

Somo la tatu liko nyumbani kwetu Tanga. Katika miaka ya 1970 na 1980 misitu ya Usambara Mashariki ilivunwa kwa mitambo, kwa msaada wa Finland. Matrekta mazito ya kuvutia magogo yalipanda kwenye miteremko ya Amani. Gogo likiburutwa linachimba mfereji, mvua ikija mfereji unakuwa korongo, na udongo unaishia mtoni. Na mto wenyewe ni Zigi, ambao maji yake hunywewa na watu wa mji wa Tanga. Malalamiko yalikuwa mengi, na uvunaji huo ukasimamishwa katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Haya, sasa turudi shambani kwako. Bei ya mkonge ilipoanguka, kamba za nailoni zilipoingia sokoni, mashamba mengi yaliachwa yakageuka pori. Sehemu ya mashamba hayo baadaye imefika mikononi mwa wakulima wadogo. Humo mna mashina ya mkonge mkongwe, vichaka vya miiba, minazi iliyoanguka na magogo ya miembe. Ndiyo maana makucha ya trekta yanawavutia watu.

Kifaa hiki hufungwa mbele ya trekta, pale pa ndoo. Chini kina meno marefu, juu kina taya moja au mbili zinazofunga kwa nguvu ya mafuta. Kizuri chake ni kwamba huchukua kichaka pamoja na mizizi, na udongo ukaanguka kati ya meno ukabaki shambani. Buldoza haifanyi hivyo. Buldoza husukuma kila kitu, na udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, huishia kwenye lundo la takataka.

Kabla ya kutoa fedha, jiulize haya.

Kwanza, je, trekta lenyewe lina mikono ya mbele? Matrekta mengi tunayoyaona vijijini hayana, yana ndoano na vyuma vya nyuma tu. Na kama mikono ipo, kwa kawaida ina njia mbili za mafuta, moja ya kuinua na moja ya kuinamisha ndoo. Taya huhitaji njia ya tatu. Bila hiyo, makucha ni chuma cha kupendeza macho.

Pili, uzito. Gogo bichi lenye upana wa sentimita 40 na urefu wa mita 3 lina uzito wa kilo 300 hadi 380 hivi. Usidhani gogo lenye upana wa mara mbili lina uzito wa mara mbili. La hasha, ni mara nne! Hilo linapita tani moja. Na makucha yenyewe yana uzito, nao hutolewa katika uwezo wa trekta. Trekta la kuinua kilo 700, likifungwa makucha ya kilo 250, limebakiwa na kilo 450. Tena magurudumu ya nyuma yanahitaji uzito wa kulikalisha chini, la sivyo linainuka makalio.

Tatu, aina ya mzigo. Kwa vichaka na mashina ya mkonge, taya mbili zinazofunga kila moja peke yake ni bora, kwa sababu mzigo huwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Kwa magogo matupu, taya moja nyembamba na imara inatosha.

Nne, mteremko. Beba mzigo chini, karibu na ardhi, na usikatishe mlima kwa ubavu. Shamba likiwa la mlima, mwache trekta apumzike. Shoka na msumeno vikate vipande vifupi palepale.

Tano, fundi na vipuri. Uliza ni nani Korogwe au Muheza anayetengeneza mipira ya mafuta na silinda. Kama jibu ni kwamba mpaka Ulaya, kumbuka Kongwa.

Na wasio na mikono ya mbele? Mnyororo mzuri bado unafaa. Lakini sikiliza sana hapa, maana ni suala la uhai. Ufunge kwenye ndoano ya chini ya trekta, usiufunge juu ya ekseli wala kwenye kile chuma cha juu cha nyuma. Ukifunga juu na gogo likagoma, trekta huinua pua na kumpindukia dereva, na hapati nafasi ya kuruka. Watoto na watazamaji wakae mbali, kwa sababu mnyororo ukikatika hurudi kama fimbo.

Jambo la mwisho, usiingie msituni wala kukata mti wa thamani bila kumwona ofisa misitu. Ni afadhali kufuatilia kibali kuliko kufuatilia kesi. Wala usichome malundo upepo ukivuma. Vichaka vikipangwa mistari kukingama mteremko, vinazuia maji na kuoza kuwa mbolea.

Pengine mkishapiga hesabu mtaona kikundi chenu cha ekari 20 hakihitaji kununua kitu. Kodini kwa siku chache mashina makubwa yatoke, na yaliyobaki yafanyeni kwa msaragambo. Hiyo si aibu. Mwenye kuchagua hivyo hajakimbia kazi, amelichunguza shamba lake kwanza.

Basi keti na wenzako, chukueni kamba mkapime magogo, kisha ndipo mzungumze bei. Kwa heri, na kazi njema.